Mtani Wangu Aliponiita Dada

Mimi ni mwoga, na sijawahi kuona haya kulisema. Marehemu mama yangu alinilea kwa msemo mmoja: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nikashika hapo hapo kwenye kicheko. Sipandi bodaboda. Barabara ya Morogoro pale Manzese sivuki mpaka nipate kundi la watu wa kuvuka nao. Balbu ikiungua nyumbani, ngazi hupanda mume wangu, na mimi huishika kwa chini huku nikimsomea dua.

Kwa hiyo anayeniuliza ilikuwaje nikajikuta kwenye kona za Soni ndani ya gari dogo, namjibu kwamba nilipelekwa na presha. Wala si yangu, ya mume wangu. Daktari alimwambia atembee. Mtu mwenye akili zake angezunguka uwanja wa shule hapa Mabibo jioni, akarudi nyumbani akaoga. Mume wangu akaenda kujiunga na wenzake wa ofisini wanaopanda milima siku za mapumziko, wale wanaojipiga picha na fimbo mkononi utadhani wamepotelewa na mbuzi. Aliyemwingiza huko ni rafiki yake mkubwa, Msukuma, mtani wangu.

Mimi ni Mzaramo wa Temeke, kabisa, wa kuzaliwa na kuchezwa ngoma. Na Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za babu zetu, kwa hiyo yule bwana alikuwa na ruhusa ya kunitukana nyumbani kwangu, juu ya mkeka wangu, akila wali wangu. Alikuwa haji kwa hodi. Alikuwa anaingia anapiga kelele, "Humu ndani hamjafa tu?" Halafu anafunua masufuria.

"Sisi ndio tuliowavisha suruali nyie," nilikuwa namwambia. "Mlikuja mjini na fimbo ya ng'ombe."

"Na nyie mnachojua ngoma tu. Mtoto akizaliwa mnacheza, akikua mnacheza, akiachika mnacheza."

Hayo yote nilikuwa nayapenda. Nilichokuwa sikipendi ni utani wake wa mazishi. Kila mtu anajua kwamba msibani mtani ana nafasi yake: analia machozi ya uongo, anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anazuia maiti mlangoni mpaka apewe chochote. Mtani wangu alikuwa hangoji msiba. "Siku ukifa, we Mzaramo, mie ndo ntakaa mlangoni. Hutoki mpaka nile kuku mzima." Nami nikimjibu kwamba atatangulia yeye, kwa michembe anayokula, vile viazi vikavu vya kwao, moyoni nilikuwa naomba istighfari, kwa sababu mdomo huumba. Lakini mtani hakasirikiwi. Ukikasirika, asiye na adabu ni wewe.

Safari ilikuwa ya siku tatu za mapumziko, kwenda Lushoto. Nilikataa. Mimi nauza kabichi na karoti sokoni Mabibo, na mzigo wangu unatoka huko huko Lushoto. Milima ile nilikuwa siijui kwa macho, lakini niliijua kwa simu. Mzigo ukichelewa, napigiwa na kuambiwa gari limelala kwenye kona, kabichi zimemwagika bondeni, utingo kavunjika mguu, mama vumilia. Miaka yote hiyo nimekuwa nikivumilia habari za barabara ile, leo niende kuipanda mwenyewe? Binti yetu wa darasa la nne ndiye aliyeniponza. Baba yake alimwahidi maporomoko ya maji, na mimi sikuweza kulala nyumbani peke yangu huku wao wako kwenye kona zile. Nikaona bora nife nao.

Kwenda tulifika salama. Nilikaa mbele, kushoto kwa mtani aliyekuwa anaendesha, kwa sababu nikikaa nyuma natapika. Njia nzima nilikuwa na tasbihi mkononi, na kila basi lililotupita kwa mwendo wa kichaa nilifumba macho. Mlima wenyewe tuliupanda tukijikokota. Kuupanda mlima kwa gari si kitu; gari linalalamika, linapunguza mwendo, na mwoga anapata nafuu. Kesho yake wao walitembea kwa miguu mpaka kwenye jabali moja la kuangalia tambarare. Mimi nilifika nusu, nikakaa chini, nikashika majani kwa mikono miwili. Mume wangu alirudi na jasho na furaha nyingi, anasema anajisikia kijana. Nilifurahi kwa ajili yake, huku moyo wangu wote uko kwenye safari ya kurudi.

Asubuhi ya kurudi kulikuwa na ukungu. Tulisubiri upungue, tukanywa chai ya tangawizi, tukaondoka. Mimi mbele kushoto tena, mume wangu nyuma yangu, amebanwa na miguu yake mirefu, mtoto nyuma ya dereva. Tukapita Soni, tukayaona maporomoko, mtoto akashangilia. Baada ya hapo barabara ikaanza kushuka.

Mtu wa pwani hajui kushuka. Nalisema hili bila kumsema mtu. Dar yetu ni tambarare. Ukijua kusubiri kwenye foleni na kuwakwepa bodaboda, wewe ni dereva. Na kwao Msukuma ni mbuga mpaka macho yachoke. Hakuna kati yetu aliyewahi kufundishwa mlima. Kulikuwa na kibao kando ya barabara kinachosema mteremko mkali, tumia gia nzito. Mume wangu akakisoma kwa sauti.

"Hii otomatiki, braza," mtani akajibu. "Inajijua yenyewe."

Basi tukashuka na breki, kona baada ya kona, mguu wake haubanduki. Kushoto kwetu ukuta wa mlima, mawe na mizizi, na chini ya ukuta mtaro wa maji. Kulia, baada ya upana wa gari moja, hakuna kitu. Niliona vilele vya miti. Ukiona kilele cha mti kwa chini yako, ujue uko mahali ambapo mtu hapaswi kuwa.

Nikasikia harufu, kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa.

"Kuna kitu kinaungua," nikasema.

"Roho yako hiyo, Mzaramo. Inaanza kutoka."

Nyuma wakacheka. Mtoto naye akacheka. Nilikasirika kweli kweli, nikamwambia anyamaze aangalie barabara, na yeye akaendelea: mazishi yangu yatakuwa Temeke au atanizika huku huku penye baridi nisioze haraka? Kabichi zangu atazirithi nani? Mume wangu alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Niliogopa mpaka miguu ikawa ya baridi, na hakuna aliyeniona, kwa sababu uoga wangu wamezoea kuuona kila siku.

Kona iliyofuata tuliichukua kwa kasi kidogo. Mtani akanyamaza. Akakanyaga, akaachia, akakanyaga tena. Nilimwona goti lake likipanda na kushuka.

"Jamani," akasema, "breki hazishiki."

Tukacheka. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilitoa kicheko kimoja kikavu na nikampiga begani. Mtu aliyekuwa ananizika tangu asubuhi, sasa aseme breki hazishiki, tufanye nini kama si kucheka? Mume wangu akasema, "Mtani leo umepania kumuua mke wangu kwa presha, na presha ni yangu mie."

Akavuta mkono wa gia. Injini ikalia sauti ambayo sijawahi kuisikia. Akavuta breki ya mkono, gari likayumba, likapungua kidogo, halafu likakataa kupungua zaidi. Mbele kulikuwa na kona ya kukunja kabisa, na kutoka chini yake nilisikia honi ya lori linalopanda.

Ndipo akasema, "Dada."

Katika miaka yote niliyomjua hakuwahi kuniita hivyo. Aliniita Mzaramo, aliniita mcheza ngoma, siku nyingine aliniita marehemu mtarajiwa. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya adabu, ya mtu anayeongea na mkwe wake.

"Dada, naomba uegemee huku kwangu. Upesi, dada."

Moyo wangu ulisimama hapo, siyo baadaye. Yaliyofuata yote yalinikuta tayari nimeshaogopa mpaka mwisho. Nilielewa kwamba utani umekwisha, na kwamba kilichobaki ndani ya gari ni kweli tupu. Nikajitupa upande wake, kichwa changu ubavuni kwake, mimi mke wa mtu na baibui langu, na nyuma yangu nikamsikia mume wangu akisema kwa raha zake, "We mtani, mke wangu unamkumbatia mbele yangu?"

Alikuwa bado anacheka tulipogonga.

Mtani aliukata usukani kushoto. Gurudumu likatumbukia mtaroni, na upande wangu wote ukaanza kuukwaruza mlima. Sauti ile siwezi kuieleza, na wala sitaki. Kioo kilipasuka, mlango ukaingia ndani, udongo na vipande vya mawe vikanimwagikia, mkono wangu wa kushoto ukabanwa mahali nikausikia ukivunjika. Gari likaenda, likaenda, likasimama. Lori likapita kando yetu likipiga honi, na dereva wake akitupa mikono.

Halafu mtoto akasema, "Mama?" Nilipomjibu, ndipo nilipojua kwamba mimi pia ni mzima.

Tulitokea mlango wa dereva, mmoja mmoja. Mtoto hakuwa na hata mkwaruzo. Mume wangu goti lilikuwa limevimba, na uso umempauka, alikuwa anasema maneno yale yale, "Nilidhani anatania, nilidhani anatania." Watu waliotoka sijui wapi walitusaidia, mama mmoja akanifunga mkono kwa khanga yake. Mtani alisimama pembeni ya gari. Alikuwa anauangalia ule upande uliopondeka, kiti nilichokuwa nimekaa, na mlango ulivyoingia mpaka katikati ya kiti.

Gari liliachwa kituo cha polisi, na sisi tukapelekwa hospitali huko chini, nikafungwa mkono P.O.P., ile plasta ngumu. Mchana tukapanda basi la kurudi Dar, wote wanne. Njia ile ni ndefu hata kwa mtu mwenye mikono miwili mizima. Mkonge, vijiji, stendi, tena mkonge. Dereva wa basi alikuwa na haraka ya kwao, analipita lori lolote analoliona, na kila alipotoka upande wake niliona lori jingine linakuja usoni. Nilikuwa nimekanyaga sakafu kwa mguu wa kulia kwa nguvu zote, kana kwamba breki ziko kwangu. Nilipogeuka nikamwona mtani, ng'ambo ya korido, mguu wake umekanyaga vivyo hivyo.

Nikataka kumsaidia. Nilidhani kinachomsumbua ni aibu ya gari. Nikamwambia kwa sauti, watu wasikie, "We Msukuma, umeshindwa kunizika. Kuku wangu umemkosa."

Abiria wawili watatu wakacheka. Watu wa huku wanaujua utani hata wasipojua chanzo chake. Yeye akanigeukia taratibu.

"Pole sana, dada," akasema. "Mkono unauma?"

Niliingiwa na baridi kuliko ile ya asubuhi. Nilimwambia hauumi sana. Kutoka hapo mpaka Chalinze, mpaka Kibaha, mpaka tunaingia mjini jua limeshazama, hakusema kitu kingine, na mimi nilikuwa namsubiri kwa hofu, nikitamani anitukane. Ningempa kuku wawili anitukane. Tulipoagana alimshika mume wangu mkono, akanipa pole tena, akaenda zake Mbweni anakoishi.

Hakuja nyumbani kwa muda mrefu. Alikuwa anapiga simu kwa mume wangu na kuuliza mkono wa dada unaendeleaje. Niliporudi sokoni, wenzangu wa meza za jirani walinitania kwamba sasa nimeujua mlima, nikacheka nao, lakini mzigo ukichelewa tu nilikuwa nakaa chini. Na usiku, nikilala, sikuota kugonga. Niliota mtu ananiita dada.

P.O.P. ilipotolewa, akaja. Alipiga hodi. Mimi nilikuwa jikoni, na sikuitambua sauti, kwa sababu sikuwahi kuisikia ikipiga hodi. Nilimkaribisha, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti, siyo mkekani. Mume wangu alikuwa hajarudi kutoka matembezi yake, ambayo sasa anayafanya uwanja wa shule. Nilimpakulia wali na mchuzi wa samaki. Hakugusa.

"Dada, nina neno," akasema. "Nimeshamwambia braza. Akasema nikwambie mwenyewe."

Nikakaa.

"Siku ile nilipata muda. Nyie mnadhani ilikuwa ghafla. Haikuwa ghafla kwangu. Niliona kulia hakuna kitu, na kushoto kuna mlima. Nikaangalia nani yuko kushoto. Nikakuona wewe, na braza nyuma yako. Nikaangalia kwenye kioo, nikamwona mtoto, yuko nyuma yangu. Halafu nikakata kushoto." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilijua upande utakaopondeka ni wako. Nilijua, dada. Ndo maana nikakuita."

Kwa nje kulikuwa na watoto wanacheza rede, na binti yetu yumo, nilisikia kelele zake. Hasira ilinipanda, halafu ikashuka, kwa sababu nilipojiuliza mimi ningekata wapi, jibu lilikuwa lile lile.

"Ulifanya sawa," nikamwambia. "Wallahi ulifanya sawa. Mtoto yuko nje anacheza. Mie ningekuwa nimeshika usukani ningefanya hivyo hivyo."

Akatikisa kichwa, siyo kukubali.

"Kila mtu ananiambia hivyo. Eti niliangalia mtoto alipo." Akaisogeza sahani pembeni. "Dada, mlima ulikuwa kushoto tu."

Ilinichukua kidogo kuelewa. Kisha nikaelewa, na nilitamani nisingeelewa. Angekuwa mtoto ndiye kakaa pale, kona ingekuwa ile ile, lori lile lile, na usukani ungekatwa upande ule ule. Hakunichagua mimi badala ya binti yangu. Hapakuwa na cha kuchagua.

"Kula," nikamwambia. "Kinapoa."

Akala kwa adabu, mkono wa mgeni, tonge ndogo ndogo. Nilimwangalia nikamhurumia kwa moyo wangu wote. Huyu ndiye aliyetutoa pale wazima. Angetaharuki tungekuwa bondeni sote, na kina mama wa Temeke wangekuwa wameshamaliza arobaini yetu. Nilikuwa najua hivyo pale nilipokuwa nimekaa, na najua hivyo ninapoandika.

Mtoto akaingia mbio, jasho tupu, akamwona. "Shikamoo, anko!" Akamrukia magotini kama zamani. Zamani, akija, alikuwa anampakia kwenye gari wanakwenda dukani kwenye kona kununua aiskrimu, wanarudi wakiwa wamechafuka wote wawili. "Anko, umekuja na gari? Limepona?"

"Limepona," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu. Akanyanyuka, akatoa funguo mfukoni. "Twende, mchumba?"

Mtoto akageuka kukimbilia mlangoni, na mkono wangu ukamdaka. Mkono wa kushoto, ule ambao daktari aliniambia bado nisiutumie. Sikuwa nimeamua. Nilishtukia nimemshika juu ya kiwiko, kwa nguvu, mpaka akasema, "Mama, unaniumiza."

Tulisimama hivyo, watu watatu sebuleni. Nilitafuta neno la utani, lolote, la suruali, la michembe, la fimbo ya ng'ombe, nikalikosa. Yeye aliutazama mkono wangu, halafu akazirudisha funguo mfukoni.

"Siku nyingine, mama," akamwambia mtoto. Akavaa viatu vyake pale mlangoni, akafunga kamba zote mbili vizuri. "Asante kwa chakula, dada."

"Karibu tena," nikasema. Mtoto nilikuwa bado sijamwachia.